Athanasio wa Aleksandria: Askofu Aliyefukuzwa Mara Tano

Safari hii tunasimulia maisha ya mtumishi wa Mungu aliyeishi hapa Afrika zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Jina lake ni Athanasio. Alikuwa askofu wa mji wa Aleksandria, nchini Misri, kwa miaka 45. Katika miaka hiyo, karibu 17 aliishi mbali na kanisa lake, akiwa amefukuzwa au amejificha. Mashtaka juu yake yalikuwa mengi, lakini mzizi wa ugomvi ulikuwa swali moja: Yesu ni nani?

Fundisho lililotoka ndani

Athanasio alizaliwa mwishoni mwa karne ya tatu. Alipokuwa mtoto, serikali ya Roma iliwatesa sana Wakristo wa Misri. Wengi waliuawa, na vitabu vitakatifu vilichomwa moto. Mwaka 313 Wakristo walipewa uhuru wa kuabudu, wakadhani taabu zimekwisha. Kumbe taabu nyingine ilikuwa inakua ndani ya kanisa lenyewe.

Katika Aleksandria alikuwapo kasisi mmoja aitwaye Ario. Hakuwa mlevi wala mwenye tamaa ya mali. Alikuwa mzee wa heshima, mhubiri hodari, na watu walimpenda. Alifundisha kwamba Mwana wa Mungu ni kiumbe: mkuu kuliko viumbe vyote na wa kwanza kuumbwa, lakini hata hivyo kiumbe. Alikuwa na mistari ya Biblia ya kuonyesha. Yeye na wenzake walipenda kutaja Mithali 8:22, na pale katika Yohana 14:28 Yesu anaposema kwamba Baba ni mkuu kuliko yeye. Tena fundisho hilo lilitiwa katika nyimbo, likaimbwa na mabaharia, wasaga nafaka na wasafiri. Hivyo likaenea upesi, kwa maana wimbo mtamu huingia moyoni kabla mtu hajapima maneno yake.

Mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu kama 300 wakutane Nikea, katika nchi ya Uturuki ya leo. Athanasio alikwenda akiwa shemasi kijana, akimsaidia askofu wake, Aleksanda. Mkutano ulikiri kwamba Mwana ni Mungu kweli, hakuumbwa, naye ni wa asili moja na Baba. Ario alifukuzwa. Miaka mitatu baadaye Aleksanda alifariki, na Athanasio akachaguliwa kuwa askofu. Alikuwa na umri wa miaka kama 30.

Kufukuzwa mara tano

Hapo ndipo vita vilipoanza. Wafuasi wa Ario walikuwa na marafiki katika jumba la Kaisari, na Konstantino mwenyewe alibadilika, akataka Ario arudishwe kanisani. Athanasio alikataa. Mwaka 335 alishtakiwa mbele ya mkutano wa maaskofu mjini Tiro. Ilisemwa kwamba amemuua askofu mmoja, Arsenio, na kumkata mkono ili autumie kwa uchawi. Inasimuliwa kwamba Athanasio alimleta Arsenio mwenyewe ukumbini akiwa amefunikwa vazi, akauonyesha mkono wake mmoja, kisha wa pili, akawauliza washtaki mkono wa tatu ulikatwa wapi. Hata hivyo alihukumiwa. Baadaye akashtakiwa kwa Kaisari kwamba anataka kuzuia ngano ya Misri isifike mji mkuu. Kwa hilo alipelekwa uhamishoni Trier, katika Ujerumani ya leo.

Alirudi mwaka 337, na mwaka 339 akakimbia tena, safari hii mpaka Roma, akakaa uhamishoni miaka saba. Mwezi wa Februari 356 askari walizingira kanisa usiku watu wakiwa katika mkesha wa maombi. Waumini na watawa walimtoa Athanasio katikati ya vurugu. Akakimbilia jangwani, na kwa miaka sita watawa walimficha. Hakukaa bure huko. Aliandika vitabu vya kujibu mafundisho ya Ario, na barua za kueleza kwamba Roho Mtakatifu naye si kiumbe. Mwaka 362 alifukuzwa kwa mara ya nne, na mwaka 365 kwa mara ya tano. Kanisa la Aleksandria halikumsahau. Kila aliporudi, watu walitoka kumpokea.

Katika miaka hiyo wengi waliyumba. Mwaka 359 maaskofu mamia, kwa kubanwa na Kaisari Konstantio, walitia sahihi maneno yaliyokwepa ukweli wa Nikea. Athanasio hakuhesabu wingi wa sahihi. Hoja yake ilikuwa nyepesi, hata mkulima angeielewa: kiumbe hawezi kumwokoa kiumbe mwenzake. Kama Yesu si Mungu, basi hatujaokolewa bado, na sala zetu kwake ni ibada ya sanamu. Kuhusu mistari ya Ario, alijibu kwamba Maandiko husomwa yote pamoja. Mahali pengine yanasema habari za Mwana katika utukufu wake wa milele, mahali pengine habari zake alipokuwa mtu kwa ajili yetu. Anayekamata mstari mmoja na kuiacha mingine atapotea.

Hakuwa malaika. Kalamu yake ilikuwa kali mno, na wapinzani wake walilalamika kwamba alitumia mabavu. Lakini mwaka 362 alifanya jambo la kukumbukwa. Kulikuwa na waumini walioshutumiana kwa sababu ya maneno waliyotumia kumweleza Mungu. Katika mkutano wa Aleksandria, Athanasio na wenzake waliwauliza pande zote mbili wanamaanisha nini. Ikaonekana kwamba imani yao ni moja, maneno tu ndiyo yaliyotofautiana. Wakapatanishwa. Alijua kutofautisha mbwa mwitu na kondoo mwenye lafudhi nyingine.

Jirani zetu wa Ethiopia wanamkumbuka pia. Ndiye aliyemweka Frumentio kuwa askofu wa Aksum. Frumentio alikuwa mgeni, inasimuliwa kwamba alitekwa akiwa mtoto safarini, naye akawahubiria watu wa nchi ile alikopelekwa. Konstantio aliandika barua kwa wafalme wa Aksum akitaka Frumentio arudishwe Misri achunguzwe na askofu mpya wa upande wa Ario. Lakini Kanisa la Ethiopia linaikiri imani ya Nikea hata leo.

Mwaka 367, katika barua yake ya Pasaka, Athanasio aliwaandikia makanisa ya Misri orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, ileile tuliyo nayo, ili watu wasidanganywe na vitabu vya kubuni. Alifariki kwa amani katika mji wake tarehe 2 Mei 373. Hakuuona mkutano wa mwaka 381 mjini Konstantinopoli, ambao ulithibitisha imani aliyoitetea.

Tujifunze nini?

Wapendwa, nasi tumefukuzwa kwetu, na mtu aliye mbali na kwao huwa na njaa ya neno la faraja. Wahubiri wengi hupita katika makazi yetu. Tusiwapime kwa ukubwa wa vipaza sauti, wala kwa uzuri wa kwaya, wala kwa ahadi za safari na utajiri kwa atakayetoa sadaka kubwa. Tuwapime kama Athanasio. Je, wanamkiri Yesu kuwa Mungu kweli na mtu kweli? Je, wanasoma Maandiko yote, au mstari mmoja tu? Je, msalaba unatosha, au wanaongeza malipo? Wenzetu wanaosema tofauti kidogo, tuwaulize kwanza wanamaanisha nini kabla ya kuwaita wapotofu.

Katika vikundi vya nyumbani wiki hii, tusome pamoja Yohana 1:1-14 na 1 Yohana 4:1-3. Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake. Athanasio alipoteza nyumba yake mara tano, lakini imani yake hakuipoteza. Bwana atusaidie nasi tuilinde. Amina.