Arthur Conan Doyle: daktari aliyejifunza kuanguka kwenye theluji



Wengi tunamjua Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa London anayemtambua mhalifu kwa kuangalia matope kwenye viatu vyake. Aliyemtunga, Arthur Conan Doyle, tunamjua kidogo tu. Nilipomwambia frateri mwenzangu kwamba nataka kuandika juu yake, aliniuliza kwa nini nimchague mtu aliyeliacha Kanisa wakati watakatifu wapo tele. Swali ni la haki, na sitalikwepa.

Doyle alizaliwa Edinburgh, Uskoti, tarehe 22 Mei 1859, katika familia ya Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Baba yake, Charles, alikuwa mchoraji mzuri aliyeshindwa na pombe, akamalizia maisha yake katika hospitali za wagonjwa wa akili. Mama, Mary, ndiye aliyeishikilia nyumba. Akiwa mtoto wa miaka 9 Arthur alipelekwa kwa Wajesuiti nchini Uingereza, akasoma Stonyhurst hadi 1875, kisha mwaka mmoja kwa Wajesuiti wa Feldkirch, Austria, chini ya milima ya Alpi. Alipoingia chuo kikuu cha Edinburgh kusomea udaktari, imani ilikuwa imeshaanza kumtoka. Baba zake wakubwa wa London, Wakatoliki imara, walitaka kumsaidia apate wagonjwa kwa kumtambulisha kwa askofu. Alikataa. Hakuamini tena, na hakutaka kula kwa jina la imani asiyokuwa nayo. Hapo mimi namhuzunikia, lakini simdharau. Wapo wanaofanya kinyume chake.

Sasa tuje kwenye mwaka 1893. Doyle ana miaka 34, ni mtu wa miraba minne, hodari wa kriketi na ndondi, na hadithi zake zinagombewa kila mwezi katika jarida la Strand. Kwa nje, hakuna anachokosa. Mwezi Oktoba baba yake anafariki hospitalini. Karibu na wakati huohuo mke wake, Louisa, waliyeoana mwaka 1885 na kuzaa naye watoto wawili, anagundulika kuwa na kifua kikuu. Madaktari wanasema imebaki miezi michache.

Pigo hili lilikuwa na uchungu wa pekee. Doyle alikuwa daktari. Mwaka 1890 alisafiri hadi Berlin kuchunguza dawa ya kifua kikuu iliyotangazwa na Robert Koch, akarudi akiwaonya watu wasiikimbilie kwa matumaini makubwa, na muda ulionyesha kwamba alikuwa sahihi. Aliujua ugonjwa huo, lakini nyumbani mwake mwenyewe hakuuona mapema. Mtu aliyembuni mpelelezi asiyepitwa na kitu alipitwa na kikohozi cha mke wake.

Dawa ya kuponya haikuwepo. Ingepatikana nusu karne baadaye. Kilichokuwepo ni hewa. Madaktari waliwapeleka wagonjwa wenye uwezo kwenye miji ya milimani, na uliosifika kuliko yote ulikuwa Davos, Uswisi, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wagonjwa walilala kwenye baraza wakiwa wamefunikwa mablanketi, wakivuta hewa kavu ya baridi. Doyle akafunga nyumba yake London akahamia huko na Louisa. Mwezi Desemba, wakiwa Davos, jarida la Strand likachapa hadithi ambamo Holmes anakufa. Wasomaji walilia na kukasirika. Yeye alikuwa na mgonjwa wa kweli.

Wajibu wa kuuguza una saa nyingi za kukaa kimya. Aliandika, lakini mwili wake mkubwa ulihitaji kazi. Ndipo akaingia kwenye skii.

Kwa msomaji ambaye, kama mimi, theluji ameiona kwa mbali tu juu ya Kibo, nieleze kidogo. Skii za wakati ule zilikuwa mbao mbili za urefu wa karibu mita 2 na nusu na upana wa kiganja, zimepindishwa mbele kama pua ya mtumbwi. Mguu ulifungwa kwa ukanda katikati, kisigino kikabaki huru. Mkononi, fimbo moja ndefu. Watu wa Norwe walizitumia tangu zamani, na Fridtjof Nansen alikuwa amezipa sifa Ulaya nzima kwa kuvuka Greenland juu yake mwaka 1888. Lakini Uswisi ya wakati huo haikuzijua. Hakukuwa na shule wala mashine ya kukupandisha. Mashine ya namna hiyo ilifungwa Davos hukohuko mwaka 1934. Aliyetaka kuteremka kwa dakika chache alipanda kwanza kwa saa kadhaa.

Walimu wake walikuwa ndugu wawili wafanyabiashara wa mjini, Tobias na Johannes Branger. Hao walianza kujifunza kabla yake, na kwa kuwa majirani waliwacheka, walifanya mazoezi giza likishaingia. Baadaye Doyle alijisifu kwamba yeye ndiye aliyeuleta mchezo huu Uswisi. Si kweli. Ndugu Branger walikuwa wamekwishavuka mlima hadi Arosa mwaka mmoja kabla yake. Kalamu yake ndiyo iliyovuma kuliko miguu yao, jambo linalowapata mafundi wengi.

Kujifunza kwenyewe kulikuwa ni kuanguka. Ukisimama, mbao zinaondoka bila wewe. Ukigeuka, mkia wa moja unakanyaga mwingine, unajikuta umelala na miguu imefungana fundo. Ukipanda, unarudi nyuma. Mtu mzima, mwandishi maarufu, analala kifudifudi kwenye theluji mbele ya watoto wa kijiji, anaomba mkono, anainuka, anaanguka tena. Alikubali yote hayo na hata akayaandika kwa kicheko, akishauri kwamba mwenye kujiona sana afungwe skii miguuni. Nimesoma kurasa nyingi za falsafa juu ya unyenyekevu. Sidhani kama zote zimenionyesha kitu hicho waziwazi hivyo.

Alfajiri ya tarehe 23 Machi 1894, mbalamwezi ikiwa bado angani, watatu hao waliondoka kwenda Arosa kupitia njia ya juu ya Maienfelder Furka, mita 2,440 hivi. Theluji ya mteremko mkali inaweza kuporomoka na kuzika watu, kwa hiyo walipita sehemu nyingine kwa hadhari, mmoja nyuma ya mwingine. Upande wa pili walifika mahali pa mteremko mkali mno. Ndugu Branger wakavua skii zao, wakazifunga pamoja kama kigari, wakakalia na kushuka. Doyle alipotaka kufanya hivyo, zake zilimponyoka zikaenda zake bondeni. Alibaki na suruali yake tu, ya kitambaa kizito cha sufu ambacho fundi wake alikisifu kwamba hakichakai. Akaketi, akateleza. Vipande vya sifa hiyo vilibaki mlimani.

Waliingia Arosa kabla ya saa sita mchana. Hotelini, Tobias alijaza kitabu cha wageni kwa niaba ya wote. Kwenye nafasi ya kazi ya Doyle hakuandika daktari wala mwandishi, bali mwanamichezo. Habari ya safari hiyo ilitoka Strand mwezi Desemba 1894, mwaka mmoja kamili tangu Holmes afe katika kurasa zilezile. Waliokuwa wakimtafuta mpelelezi walimkuta bwana mnene mwenye suruali iliyotoboka.

Mengine ya maisha yake nayapitia haraka. Mwaka 1909 aliandika kitabu kikali dhidi ya ukatili waliofanyiwa watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold. Uzeeni alizama katika kuzungumza na mizimu, njia ambayo sisi hatuwezi kuifuata naye. Alifariki tarehe 7 Julai 1930.

Na Louisa? Mwaka 1897 Doyle alikutana na mwanamke mwingine, Jean Leckie, akampenda. Moyo wake uligawanyika, na kwa hilo sitamtetea. Lakini hakumwacha mke wake. Alimpeleka Misri kutafuta hewa kavu, akamjengea nyumba Hindhead, mahali palipokingwa na upepo, na Jean alimwoa mwaka 1907 tu, akiwa mjane. Yule aliyepewa miezi michache aliishi karibu miaka 13 tangu majira yale ya baridi ya Davos. Louisa alifariki tarehe 4 Julai 1906, katika nyumba hiyo ya Hindhead, akiwa na miaka 49.