Erlang na Mizani ya Wasomi

Imekuwa desturi katika vyuo vikuu kuupima uzito wa mtafiti kwa kuhesabu: makala zake zimetajwa na wenzake mara ngapi, na ameshirikiana na watu wangapi katika kuziandika. Faharasa kubwa ya marejeo ya sayansi ya Eugene Garfield, wa Marekani, ilianza kutolewa mwaka 1964, na tangu hapo hesabu imetawala. Sisi hatuipingi, ni afadhali kuliko kupandishana vyeo kwa kujuana. Lakini kabla ya kuwapima kwa mizani hiyo watafiti wa simu za mkononi, tungependa apandishwe kwanza Agner Krarup Erlang.

Alizaliwa Lønborg, Denmark, tarehe 1 Januari 1878, mwana wa mwalimu wa shule. Alihitimu Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1901, naye pia akafundisha. Katika chama cha wanahisabati alifahamiana na Johan Jensen, mhandisi mkuu wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen, na kwa njia hiyo akaingia kazini humo mwaka 1908.

Swali lililomkabili lilikuwa la kibiashara tu: ziwekwe laini ngapi? Zikiwa chache, wateja watakosa nafasi. Zikizidi, fedha zitapotea bure. Mwaka 1909 Erlang alionyesha kwamba simu zinazopigwa na watu wasioshauriana, kila mmoja kwa haja yake, zikikusanywa pamoja hufuata kanuni ya hisabati. Mwaka 1917 akatoa hesabu ya kukadiria ni simu ngapi katika mia zitakazokuta laini zote zimeshikwa. Hesabu hiyo ndiyo waliyoirithi wapangaji wa minara ya simu za mkononi. Anayepiga simu usiku wa Idi akaambiwa mtandao umejaa, amekutana na Erlang bila kumjua.

Makala hizo mbili aliziandika peke yake, tena kwa Kidenmark. Kwa mizani ya leo huyo angekuwa mtu mpweke wa lugha ndogo. Hata hivyo inasimuliwa kwamba mtafiti mmoja wa maabara za Bell, Marekani, alijifunza lugha hiyo ili apate kumsoma. Tunalitaja jambo hili kwa sababu mwalimu wa chuo anayechapisha utafiti wake kwa Kiswahili mara nyingi hujikuta nje ya faharasa hizo, na siku ya kuombewa cheo kazi yake huhesabiwa kana kwamba haipo.

Na ushirika je? Erlang alionekana katika mitaa ya Copenhagen akifuatana na kibarua aliyembebea ngazi, ili ashuke katika mashimo ya nyaya kupima umeme uliokuwa ukivuja. Bila ngazi ile vipimo visingepatikana. Ushirika wa namna hiyo faharasa haina jicho la kuuona.

Hakuoa. Alifariki tarehe 3 Februari 1929, akiwa na umri wa miaka 51. Mwaka 1946 kamati ya kimataifa ya simu ililifanya jina lake kuwa kipimo: laini moja ikishikwa saa nzima, hiyo ni erlang moja. Wahandisi huliandika kila siku kwa herufi ndogo, kama mita au kilo, pasipo kuitaja makala yake hata moja.