TUNAMKUMBUKA GARIBALDI, MKIMBIZI ALIYEUNGANISHA ITALIA



Katika toleo hili tunamkumbuka Giuseppe Garibaldi, kwa kuwa naye alikuwa mkimbizi. Alizaliwa Nice mwaka 1807. Katika ujana wake Italia haikuwa nchi moja, bali vipande chini ya watawala mbalimbali. Mwaka 1834 alihukumiwa kifo kwa kushiriki uasi, akakimbilia Amerika ya Kusini. Alirudi mwaka 1848, na mwaka uliofuata akaitetea Jamhuri ya Roma. Iliposhindwa, mkewe Anita alifia njiani wakikimbia. Yeye alifika New York, akafanya kazi katika kiwanda cha mishumaa.

Mwaka 1860 aliongoza wapiganaji wapatao 1,000, wakatua Marsala, katika kisiwa cha Sicilia. Kwa miezi michache waliikomboa Sicilia na kuingia Napoli. Angeweza kujifanya mtawala. Badala yake alimkabidhi Mfalme Victor Emmanuel wa Pili yote aliyoyateka, akakataa zawadi, akaenda kulima kisiwani Caprera. Ufalme wa Italia ulitangazwa mwaka 1861.

Lakini mwaka ule ule wa 1860, Nice ilikabidhiwa Ufaransa. Aliyewapatia wenzake nchi alipoteza mji wake wa kuzaliwa. Alilalamika waziwazi, ila hakuuvunja umoja. Alifariki mwaka 1882.

Ndugu zetu, tukijaliwa kurudi kwetu, tusiulize tu nani atatawala. Tuulize pia nani yuko tayari kukabidhi.