Sir Alexander Korda: Mkimbizi wa Hungary aliyepewa heshima ya kifalme kwa ajili ya filamu

MTENGENEZAJI filamu wa kwanza kupewa cheo cha Sir na Mfalme wa Uingereza hakuzaliwa Uingereza. Alikuwa Myahudi kutoka kijiji cha Hungary, aliyeingia London akiwa na umri wa karibu miaka 40, na ambaye lafudhi yake ya ugenini haikumtoka hadi kufa. Jina lake lilikuwa Alexander Korda, na katika mojawapo ya filamu zake aliigiza mtu ambaye baadaye angekuwa Rais wa kwanza wa Kenya.

Korda alizaliwa Septemba 16, 1893, karibu na mji mdogo wa Túrkeve, akapewa jina la Sándor Kellner. Baba yake, msimamizi wa shamba la tajiri, alifariki watoto wangali wadogo na familia ikatumbukia katika ufukara. Kijana huyo alikwenda Budapest, akajipatia riziki kwa uandishi wa magazeti na kujibandika jina la Korda, alilolichota katika maneno ya Kilatini ya ibada ya misa.

Filamu yake ya kwanza aliielekeza mwaka wa 1914, na katika muda wa miaka michache akawa na studio yake. Lakini siasa zilimfuata. Mwaka wa 1919, baada ya serikali ya Kikomunisti ya Béla Kun kuangushwa, maafisa wa utawala mpya walimtia mbaroni. Alipoachiliwa alifunga virago, akaondoka Hungary na asirudi tena.

Miaka kumi na zaidi iliyofuata ilikuwa ya kuhamahama: Vienna, Berlin, Hollywood, Paris. Hollywood ilimfunza mengi lakini haikumpa nafasi aliyoitamani. Mwaka wa 1932 alianzisha kampuni ya London Films jijini London, akawaita ndugu zake wawili: Zoltan, aliyekuwa mwelekezi, na Vincent, mchoraji aliyebuni mandhari ya filamu.

Mafanikio hayakukawia. Mwaka wa 1933 alitoa The Private Life of Henry VIII, filamu kuhusu mfalme aliyeoa wake sita, na mwigizaji wake mkuu, Charles Laughton, akashinda tuzo ya Oscar. Waingereza walistaajabu kuona mgeni akiwasimulia historia yao kuliko walivyojisimulia wenyewe. Mwaka wa 1936 Korda akawa raia wa Uingereza, na mwaka huo huo studio zake kubwa za Denham zikafunguliwa kwa fedha za kampuni ya bima ya Prudential.

Ni katika kipindi hicho ambapo Korda aliigeukia Afrika. Alinunua hadithi za Edgar Wallace kuhusu ofisa wa kikoloni anayetawala watu wa mtoni, na akamtuma Zoltan barani humu kupiga picha za mito, wanyama na ngoma. Kisha kijiji kizima cha Kiafrika kikajengwa katika studio za Shepperton, nje ya London, na watu weusi waliokuwa wakiishi Uingereza, wakiwemo mabaharia na makuli wa bandarini, wakaajiriwa kukijaza.

Mmoja wa walioajiriwa alikuwa Johnstone Kenyatta, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kama Jomo. Alikuwa London tangu mwaka wa 1931 akipigania mashamba ya Wakikuyu, na mara nyingi mfuko wake ulikuwa mtupu. Alivishwa mavazi ya chifu, akasimama miongoni mwa machifu wengine mbele ya kamera, akapokea ujira wake. Nafasi ya kiongozi wa Waafrika ilikuwa ya Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mashuhuri kutoka Marekani.

Filamu hiyo, Sanders of the River, ilitolewa mwaka wa 1935. Robeson aliikubali kazi hiyo akiamini ingeonyesha fahari ya utamaduni wa Kiafrika. Alichokiona ilipokamilika kilikuwa sifa kwa ofisa mmoja Mzungu ambaye uwepo wake huleta amani na kuondoka kwake huzua vita. Robeson aliikana filamu hiyo hadharani. Waliohudhuria sinema za Uingereza, hata hivyo, waliipenda, na Korda akafuatisha nyingine za aina hiyo: The Drum mwaka wa 1938 kuhusu India, na The Four Feathers mwaka wa 1939 kuhusu Sudan.

Mambo yenyewe katika makoloni hayakufuata hadithi hiyo. Mnamo Julai 1938 maelfu ya Akamba kutoka Machakos, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, walitembea kwa miguu hadi Nairobi kupinga kuuzwa kwa lazima kwa ng'ombe wao. Walipiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa, wakitaka kuonana na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kuacha mpango wa kuwanyang'anya mifugo. Katika filamu za Korda hapakuwa na Mwafrika wa namna hiyo, anayemkabili mtawala kwa hoja na subira na hatimaye akarudishiwa haki yake.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka wa 1939, filamu za Korda zilipata kazi nyingine. Kwa majuma machache tu alitengeneza The Lion Has Wings, kuonyesha nguvu za ndege za kivita za Uingereza. Kisha akahamia Hollywood, na mwaka wa 1941 akaelekeza That Hamilton Woman, kuhusu Admeri Nelson aliyemzuia Napoleon. Waigizaji wake walikuwa Laurence Olivier na mkewe, Vivien Leigh. Kila mtazamaji alielewa kwamba Napoleon huyo alisimama badala ya Hitler.

Waziri Mkuu Winston Churchill, ambaye Korda aliwahi kumwajiri kama mwandishi na mshauri alipokuwa nje ya serikali, aliipenda filamu hiyo kupita kiasi na kuitazama mara nyingi. Maseneta wa Marekani waliopinga nchi yao kuingia vitani waliiona kuwa propaganda ya Waingereza, na Korda akaitwa kujieleza mbele yao mwezi wa Disemba 1941. Kabla siku haijafika, Japani ilishambulia Pearl Harbor na shauri hilo likafa lenyewe.

Mwaka wa 1942 Mfalme George wa Sita alimpa Korda cheo cha Sir. Waigizaji wa jukwaani walikuwa wamekwisha kuijua heshima hiyo tangu Henry Irving alipoipata mwaka wa 1895, lakini mtengenezaji filamu hakuwa amewahi kuipata. Baadhi ya Waingereza walinung'unika, wakiuliza vipi mtu aliyekaa Hollywood mabomu yakiwaangukia wenzake London atunukiwe. Waliomtetea walijua kwamba alikuwa ameitumikia nchi kwa silaha aliyokuwa nayo, yaani picha.

Wakati huo huo vijana wa Ukambani, kutoka Mwingi na Kitui hadi Machakos, walikuwa wakiandikishwa kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles. Mwaka wa 1944 askari wa Afrika Mashariki walipigana katika misitu ya Burma, wengi wasirudi. Waliorejea walipewa nishani za vita. Hawakupewa vyeo vya kifalme, na nyumbani walikuta utawala ule ule waliouacha. Heshima ya dola ilikwenda kwa aliyeisimulia vizuri kuliko kwa wengi walioimwagia damu.

Baada ya vita Korda alirejea kileleni kwa muda, akishiriki kutayarisha The Third Man mwaka wa 1949. Kampuni yake iliyotoa Cry, the Beloved Country mwaka wa 1951, chini ya uelekezi wa Zoltan, iligeuza mkondo. Safari hii shujaa alikuwa kasisi Mwafrika wa Afrika Kusini anayemtafuta mwanawe Johannesburg. Aliyeigiza nafasi ya kasisi kijana alikuwa Sidney Poitier, ambaye mwaka wa 1974 yeye mwenyewe alipata heshima ya kifalme ya Uingereza.

Fedha, hata hivyo, zilikuwa adui wa Korda tangu awali. Kampuni yake ya kusambaza filamu, British Lion, iliyokuwa imekopeshwa mamilioni ya pauni na serikali, iliwekwa chini ya mpokeaji rasmi mwaka wa 1954. Januari 23, 1956, Korda alifariki London kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 62.

Siku hiyo Kenyatta alikuwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana, akitumikia kifungo cha miaka saba alichohukumiwa Kapenguria mwaka wa 1953. Utawala ule ule uliompa Korda heshima kwa kuusifu ulimfunga Kenyatta kwa kuupinga.

Hadithi ya filamu ile ya mtoni ilikoma Disemba 12, 1963. Kenya ilipopata uhuru iliacha kungojea heshima kutoka London, ikaanzisha nishani zake yenyewe, na aliyekabidhiwa mamlaka ya kuzitoa alikuwa yule yule aliyewahi kukodishwa ili avae mavazi ya chifu. Filamu za Korda zingali zinatazamwa, na ustadi wake haukatalikiki. Lakini cheo chake kinakumbusha kwamba kila nishani hueleza mambo mawili: kazi ya anayepewa, na haja ya anayeitoa.