Mtakatifu Yohane Bosco, Rafiki wa Vijana

1. Mtoto aliyetafuta rafiki

Upande wa kaskazini wa nchi iitwayo sasa Italia, si mbali na mji wa Torino, kuna kitongoji kiitwacho Becchi. Hapo alizaliwa Yohane Bosco, tarehe 16 Agosti, mwaka 1815. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Yohane hajatimiza bado miaka miwili, baba yake akafariki, na mama yake, Margherita, akabaki na kazi ya kuwalea watoto watatu na kumtunza bibi yao mzee. Margherita hakujua kusoma wala kuandika, lakini sala na katekisimu alizijua kwa moyo, akawafundisha watoto wake kumcha Mungu na kupenda kazi.

Yohane alipopata umri wa miaka tisa hivi, aliota ndoto asiyoisahau maisha yake yote. Alijiona yumo katika uwanja uliojaa watoto. Wengine walikuwa wakicheza, wengine wakitukana. Mara akawarukia kwa ngumi ili awanyamazishe. Ndipo alipotokea Bwana mmoja mwenye uso wa kung'aa, akamwonya ya kuwa watoto wale hatawapata kuwa rafiki zake kwa mapigo, ila kwa upole na mapendo.

Tangu hapo Yohane alikuwa na hamu ya kuwavuta watoto wenzake kwa Mungu. Aliwatazama wachezaji waliokuja sokoni, akajifunza michezo yao: kutembea juu ya kamba, kupinduka, na kufanya viini macho. Siku za Jumapili aliicheza michezo hiyo mbele ya majirani. Hakutoza fedha, malipo yake yalikuwa kusali Rozari pamoja naye na kumsikiliza akirudia mahubiri aliyoyasikia kanisani.

Walakini jambo moja lilimhuzunisha. Mara nyingi alikutana njiani na mapadre wa parokia. Akawaamkia kwa heshima, nao wakamwitikia kwa adabu, kisha wakapita zao bila kusimama wala kumwuliza habari zake. Hawakuwa watu wabaya. Ndiyo desturi ya siku zile, padre kukaa mbali na watoto apate kuheshimiwa. Yohane alimwendea mama yake akilia, akamwambia ya kwamba yeye, akijaliwa kuwa padre, atawakaribia watoto na kusema nao maneno mema.

Mungu alimpa faraja. Mwezi wa Novemba 1829, akirudi kutoka kanisani pamoja na watu wengi, alisemeshwa na padre mmoja mzee jina lake Calosso. Mzee huyo alimwuliza ameshika nini katika mahubiri ya siku ile. Yohane akayarudia karibu yote, wala hakusita. Padre Calosso akastaajabu, akaanza kumfundisha Kilatini, akawa kwake kama baba. Lakini baada ya mwaka mmoja tu mzee akapatwa na ugonjwa wa ghafula. Hakuweza kusema tena. Akampa Yohane ufunguo wa sanduku la fedha zake, akamwashiria asimpe mtu mwingine. Zilikuwamo fedha za kutosha kumsomesha. Alipofariki, jamaa zake walikuja, na Yohane akawapa ufunguo ule, asichukue hata senti moja. Kwake hasara kubwa haikuwa fedha, bali rafiki.

2. Chama cha Furaha

Mwaka 1831 Yohane alikwenda kusoma katika mji wa Chieri. Alikuwa na miaka 16, naye akaketi darasani pamoja na watoto wadogo. Ili apate chakula na mahali pa kulala alifanya kazi za namna nyingi. Wanafunzi walipoona ana akili, wengi walitaka urafiki naye. Lakini urafiki wa wengine ulikuwa wa hila. Mmoja alimshawishi aibe kitu cha thamani cha yule mama aliyempangisha chumba.

Basi Yohane akawagawa wenzake mafungu matatu: wema, wabaya, na wasio wema wala wabaya. Wabaya akawaepuka kabisa. Wale wa katikati akakaa nao kwa adabu, kadiri ya haja. Wema akafanya nao urafiki. Pamoja nao aliunda chama, wakakiita Chama cha Furaha. Sheria zake zilikuwa chache: mwanachama asiseme wala kutenda neno lisilomfaa Mkristo, tena atimize vizuri kazi za shule na za dini. Siku za sikukuu walikwenda pamoja kwenye mafundisho ya dini, kisha wakatembea milimani wakiimba na kucheza. Watu waliodhani kwamba dini ni huzuni waliona wamekosea.

Katika shule ile alikuwapo kijana mpole, jina lake Luigi Comollo. Siku moja mwalimu alikuwa hajaingia, na wanafunzi walikuwa wakifanya fujo. Luigi alikuwa akisoma. Mwanafunzi mmoja alimvuta ili acheze, naye alipokataa alimpiga makofi usoni. Yohane alitazama aone Luigi atalipiza namna gani. Luigi akamwambia mwenzake kwamba amemsamehe.

Siku nyingine tena wabaya walianza kumpiga Luigi. Yohane, aliyekuwa na nguvu nyingi, akamkamata mmoja wao mabegani, akamtumia kama rungu kuwapiga wengine, hata wote wakakimbia. Labda alingoja shukrani. Lakini Luigi alimwonya waziwazi kwamba Mungu hakumpa nguvu zile ili awaumize wenzake. Yohane hakukasirika. Alifahamu ya kuwa amepata rafiki wa kweli, kwa maana rafiki wa kweli hasifu kosa letu, hata tukilitenda kwa ajili yake. Wawili hao waliingia seminari, na huko Luigi alifariki mwaka 1839. Kitabu cha kwanza alichokitoa Yohane, mwaka 1844, kilikuwa habari za maisha ya rafiki huyo.

3. Kijana aliyefukuzwa kanisani

Yohane Bosco alipewa upadre tarehe 5 Juni, mwaka 1841, akaenda kukaa Torino. Wakati ule vijana wengi walikuwa wakitoka mashambani na kuingia mjini kutafuta kazi. Walibeba mawe na chokaa, walifagia dohani za majumba. Wengine hawakupata kazi wala mahali pa kulala. Padre Bosco alikwenda magerezani, akaona humo vijana wadogo, wengine wa miaka 12 tu. Wengi walikuwa wamekwisha kufunguliwa wakarudi tena. Akafikiri moyoni kwamba kama wangalikuwa na rafiki huko nje, wa kuwaangalia na kuwafundisha siku za sikukuu, labda wasingalirudi.

Tarehe 8 Desemba mwaka ule ule, Sikukuu ya Bikira Maria, alikuwa katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi akijiandaa kusoma Misa. Kijana mmoja aliingia, akasimama. Mtunza sakristia alimwambia atumikie Misa; aliposema hajui, mtu yule akampiga na kumfukuza. Padre Bosco akapaza sauti kumkataza, akasema kwamba huyo ni rafiki yake, naye aitwe upesi. Kumbe hata jina lake alikuwa halijui bado!

Kijana akarudi akitetemeka. Jina lake lilikuwa Bartolomeo Garelli, yatima, mwashi, umri wake miaka 16. Baada ya Misa Padre akamwuliza kama ajua kusoma, kuandika, au kuimba. Majibu yote yalikuwa hapana. Mwisho akamwuliza kama ajua kupiga mbinja. Hapo kijana akacheka, na hofu ikamtoka. Akafundishwa Ishara ya Msalaba, wakasali Salamu Maria. Jumapili iliyofuata alirudi pamoja na wenzake. Huo ulikuwa mwanzo wa kazi iliyoitwa Oratorio, yaani mahali pa vijana kusali, kujifunza na kucheza.

4. Kuhamahama

Wiki nzima Padre Bosco aliwatembelea vijana wake kazini, akasema na mabwana zao. Lakini walipozidi wingi, hakuna aliyetaka kuwapokea. Majirani walichoka na kelele. Wenye kiwanja kimoja walinung'unika ya kuwa majani yamekanyagwa hata mizizi. Mapadre wengine walidhani ameingiwa na wazimu. Siku moja wawili walikuja na gari ili wampeleke kwa hila katika hospitali ya wenye wazimu. Akawasihi waingie kwanza wao, akaufunga mlango, akamwamuru mwenye farasi aende mbio. Ndipo wao wenyewe walipofikishwa huko!

Hata hivyo siku ilifika alipokuwa hana pa kuwapeleka tena, naye akalia machozi mbele yao. Jioni ile ile alipata habari za kibanda katika mtaa wa Valdocco. Kilikuwa kifupi mno, hata sakafu ilibidi ichimbwe ili watu waweze kusimama. Hapo walisali siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili, 1846.

Mwezi wa Julai mwaka ule Padre Bosco aliugua sana kwa kazi nyingi, na waganga wakakata tamaa. Hapo ilionekana kama urafiki wake na vijana ni wa kweli au wa mchezo tu. Waashi na wabeba mizigo, waliofanya kazi ya kutwa katika jua, walifunga chakula. Wakapokezana kanisani usiku na mchana, wakimwomba Mungu asimchukue. Akapona. Aliporudi kwao aliwaambia kwamba maisha yake amepewa kwa sala zao, basi tangu siku ile yatakuwa mali yao.

Alikwenda kwao kupumzika, na mwezi wa Novemba akarudi Torino kwa miguu pamoja na mama yake, aliyekubali kuwa mama wa vijana hao. Kazi haikuwa rahisi. Vijana fulani waliopewa malazi usiku walitoroka na mablanketi. Siku moja wengine waliikanyaga bustani ya mboga ya mama Margherita, naye kwa uchungu akataka kurudi shambani. Mwanawe hakusema neno. Alimwonyesha tu msalaba ukutani. Mama akatazama, akavaa tena kitambaa chake cha kazi, akakaa mpaka kufa kwake, mwaka 1856.

5. Vijana waliokuwa rafiki wa vijana

Mwaka 1854 aliingia katika nyumba ya Valdocco mvulana wa miaka 12, jina lake Dominiko Savio. Siku moja alimwona mgeni mmoja, Camillo Gavio, amesimama peke yake akitazama wengine wakicheza. Camillo alikuwa ametoka katika ugonjwa, wala hakumjua mtu. Dominiko akamwendea, akamwuliza habari zake, akamwambia ya kuwa utakatifu katika nyumba ile ni kukaa daima katika furaha na kutimiza wajibu. Wakawa marafiki mpaka kufa kwake Camillo, ambako hakukukawia.

Mwaka 1856 Dominiko na wenzake waliunda shirika kwa heshima ya Bikira Maria. Kila mmoja alijitwalia mwenzake mgumu au mpweke, ili awe rafiki yake na kumvuta katika njia njema. Dominiko alifariki mwaka 1857, hajafika miaka 15. Mwaka 1954 alitangazwa kuwa mtakatifu.

Tarehe 18 Desemba, 1859, Padre Bosco alianzisha shirika la Wasalesiani, na wengi wa wanashirika wale wa kwanza walikuwa vijana wake mwenyewe. Mmoja ni Michele Rua. Michele alipokuwa mtoto alikuja siku moja Padre akigawa medali, akakuta zimekwisha. Padre akamnyoshea mkono wake, na kwa mkono wa pili akafanya kama anaukata, ampe nusu. Mtoto hakufahamu. Baadaye alielezwa maana yake: wawili hao watagawana kila kitu nusu kwa nusu.

6. Barua ya mzee

Kazi ilikua. Kibanda kikawa nyumba kubwa yenye kanisa, shule na karakana, na wanafunzi mamia. Lakini mwezi wa Mei 1884 Padre Bosco, aliyekuwa Roma, aliandika barua ya uchungu kwa watu wa nyumba yake. Alieleza ndoto: alionyeshwa uwanja wa zamani, mapadre na vijana wakicheza na kucheka pamoja, kisha akaonyeshwa uwanja wa siku zile. Vijana wengi walisimama wakiegemea nguzo, wamechoka. Wengine walinong'onezana pembeni. Waalimu nao walitembea wakizungumza wao kwa wao, au waliwatazama vijana kwa mbali. Sala na kitubio vilifanywa kama desturi tu.

Mzee alilitambua jambo hilo. Ndilo lililomliza utotoni: padre anayepita bila kusimama. Sasa lilikuwa limeingia katika nyumba yake mwenyewe. Akawafundisha kwamba haitoshi kuwapenda vijana. Yapasa vijana wenyewe wajue kwamba wanapendwa. Mwalimu ashiriki mambo wanayoyapenda, ndipo nao watakapojifunza kupenda yale anayowafundisha.

Padre Bosco alifariki Torino tarehe 31 Januari, 1888, na Michele Rua akashika mahali pake. Siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili, 1934, Baba Mtakatifu Pio XI alimtangaza kuwa mtakatifu. Wasalesiani walifika Kongo mwaka 1911, katika mji uitwao sasa Lubumbashi, na mwaka 1980 walifika Tanzania na Kenya.

Basi, watoto, mkitoka kanisani Jumapili tazameni uwanjani. Labda yuko mmoja aliyesimama peke yake, wala hakuna ajuaye jina lake. Yohane Bosco asingalimpita.

Maswali

1. Kwa nini Yohane alilia alipokutana na mapadre njiani?
2. Luigi Comollo alionyeshaje kwamba ni rafiki wa kweli?
3. Vijana walifanya nini Padre Bosco alipougua mwaka 1846?
4. Eleza kwa maneno yako jambo lililomhuzunisha Padre Bosco mwaka 1884.