Mwindaji Aliyewatetea Kondoo wa Milimani

Kondoo tuwajuao sisi ni wale wa zizini. Ndiyo sababu nilistaajabu nilipokutana mara ya kwanza na habari za kondoo weupe wa mwituni waishio majabalini huko Alaska, Marekani. Lakini aliyenishangaza zaidi ni mtetezi wao, kwani alikuwa mwindaji.

Charles Sheldon alizaliwa mwaka 1867 katika jimbo la Vermont. Alifanya kazi ya madini Meksiko, akapata mali ya kumtosha, na mwaka 1903 akaacha biashara ili awafuatie kondoo wa milimani.

Mwaka 1906 alifika chini ya Mlima Denali, mrefu kuliko yote ya Amerika Kaskazini. Aliwapiga risasi kondoo kadhaa kwa ajili ya makumbusho; jambo hilo sitalificha. Hata hivyo alitambua kwamba kuwatazama wakati wa kiangazi tu hakutoshi. Mwaka 1907 alirudi na kiongozi wake, Harry Karstens, akajenga kibanda cha magogo kando ya Mto Toklat. Hakuondoka hadi katikati ya 1908. Kwa hiyo alijua kondoo hula wapi theluji inapozidi, na huzalia wapi.

Humo kibandani ndimo mpango wake ulimozaliwa. Alijua kuwa wawindaji wa biashara waliwaua kondoo na kuuza nyama kwa wachimba dhahabu na mjini Fairbanks. Baadaye serikali ilipoamua kujenga reli, wenye kuhitaji nyama wangeongezeka. Sheldon akapendekeza hifadhi ambayo mipaka yake ingezingira malisho ya kondoo. Alibisha hodi kwa wakubwa bila kuchoka, hata Rais Woodrow Wilson akatia sahihi sheria tarehe 26 Februari 1917.

Ushindi huo haukuwa kamili. Hifadhi haikuwa na mkuu wala fedha mpaka 1921, Karstens alipokabidhiwa kazi hiyo. Nao wachimba madini waliruhusiwa kuua wanyama kwa chakula hadi 1928, mwaka uleule Sheldon alipofariki. Jina la Denali, alilolitaka yeye, lilipewa hifadhi mwaka 1980.

Mimi nimejifunza hili: hakungoja kondoo wabaki wa kuhesabika kwa vidole ndipo aanze kupanga. Wahenga walituusia kuwa usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sheldon aliukagua ufa karibu mwaka mzima, kisha akauziba.