René Laennec, Daktari Aliyesikiliza Pumzi za Wagonjwa

Kila mara daktari anapotuwekea stetoskopu kifuani na kutuambia tuvute pumzi, anafuata njia iliyofunguliwa na Mkatoliki mmoja wa Ufaransa, René Laennec.

Alizaliwa tarehe 17 Februari 1781 mjini Quimper, katika eneo la Bretagne. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na ndugu wa baba yake, daktari wa mji wa Nantes. Mwaka 1801 alikwenda Paris kusomea udaktari. Miaka hiyo, baada ya Mapinduzi ya 1789, wasomi wengi walikuwa wameipa dini kisogo. Laennec aliirudia imani yake kwa moyo wote, wala hakuiona kuwa adui wa masomo yake.

Mwaka 1814 aliwahudumia askari vijana wa Bretagne waliojeruhiwa vitani. Wengi wao hawakujua Kifaransa, naye akazungumza nao kwa lugha ya kwao.

Mwaka 1816, akiwa daktari katika hospitali ya Necker, alijiwa na msichana mwenye ugonjwa wa moyo. Kumwekea sikio kifuani kusingekuwa jambo la heshima. Laennec akaviringisha karatasi, akaweka ncha moja kifuani pa mgonjwa na nyingine sikioni mwake, akashangaa kusikia vizuri kuliko alivyowahi kusikia. Baadaye akachonga bomba la mti kwa mikono yake mwenyewe. Hiyo ndiyo stetoskopu ya kwanza.

Alisikia nini? Tunapovuta pumzi, kiwambo, yaani msuli mpana ulio chini ya mapafu, hushuka, kifua kikapanuka. Hewa huingia puani, hupita katika bomba la hewa, kisha katika matawi yanayozidi kugawanyika mpaka kwenye vifuko vidogo mno. Humo oksijeni huingia katika damu, na hewa ya ukaa hutoka. Pafu zima hutoa mvumo laini. Nimonia ikijaza vifuko hivyo majimaji, husikika milio midogo ambayo Laennec aliifananisha na chumvi inayopasuka katika chombo cha moto. Maji yakijaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, mahali hapo huwa kimya.

Mgonjwa alipofariki, Laennec aliupasua mwili wake na kulinganisha aliyoyasikia na aliyoyakuta. Kwa uvumilivu huo sauti zikawa elimu, naye akaichapisha mwaka 1819. Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kwamba akili huanzia katika yale yanayofikiwa na milango ya fahamu, ndipo ikayatambua yaliyofichika. Laennec aliliishi somo hilo wodini.

Lakini liko swali gumu. Kusikiliza kulifaa nini, ikiwa tiba haikuwepo? Kifua kikuu kiliua watu wengi mno, na streptomisini, dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi yake, ilipatikana mwaka 1943 tu. Tunaona kwamba ugonjwa usiojulikana ulivyo hauwezi kutafutiwa dawa. Tena mgonjwa asiyeponyeka bado ana haki ya kuambiwa ukweli na kutoachwa peke yake. Nasi tunaojiandaa kwa upadre tutaketi mara nyingi kando ya vitanda vya namna hiyo.

Mwaka 1826 zamu yake ilifika. Jamaa yake Mériadec, aliyekuwa daktari pia, alimwekea kifuani bomba lile lile, akasikia dalili za kifua kikuu ambazo Laennec mwenyewe ndiye aliyeufundisha ulimwengu kuzitambua. Laennec alirudi nyumbani Bretagne, akafariki tarehe 13 Agosti 1826, akiwa na miaka 45. Stetoskopu yake alimwachia Mériadec.

Tunapowatembelea wagonjwa wa parokia zetu, tumkumbuke Laennec. Tukae, tunyamaze kidogo, tuwasikilize kabla ya kusema neno.